Mlima Usio na Watu

Neno "pambo tu" limenichosha. Nimelisikia kwa wasomi na kwa wasiosoma, kwa wauzaji na kwa wanunuzi, na kila mara hutamkwa kwa namna ileile, mkono ukipungwa hewani kama wa mtu anayefukuza nzi. Unamwuliza mwenyeji wako: kitambaa hiki ulichotundika juu ya kochi, chenye mlima wa buluu uliovishwa theluji kichwani, kinasema nini? Anakujibu, "Aa, hilo pambo tu. La Kijapani." Basi, mazungumzo yamekwisha, chai inamiminwa.

Mimi nasema si pambo tu, na ndugu msomaji uniwie radhi kama nitarefusha maneno, maana wanaolipuuza jambo hili ni wengi na wanalipuuza kwa raha zao.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Wajapani wana vitambaa vya kutundika vya kila namna. Iko kakejiku, mchoro wa hariri au karatasi uliobandikwa juu ya kitambaa cha thamani na kuviringwa kwenye kijiti. Hufunguliwa kwa majira yake, kisha hukunjwa ukarudishwa sandukuni. Iko noren, pazia lililopasuliwa katikati, linalotundikwa mlangoni pa duka. Iko tenugui, kitambaa chembamba cha pamba, urefu wake kama sentimita 90, ambacho kazi yake hasa ni kufutia uso na mikono, lakini wengi hukitundika ukutani na kukibadilisha kadiri majira yanavyobadilika. Kuna tsuzure, ufumaji wa picha wa mtaa wa Nishijin huko Kyoto, ambao baadhi ya mafundi wake huchonga kucha zao zikawa na meno kama msumeno ili ziusogeze uzi mahali pake. Na mwisho kabisa kuna hili shuka la poliesta, lililopigwa chapa kwa mashine, lenye matundu manne pembeni ya kupitishia misumari, ambalo siku hizi linauzwa kila pembe ya dunia. Katika vyote hivyo utaukuta mlima mmoja: Fuji, wenye kimo cha mita 3,776, volkano ambayo mara ya mwisho ililipuka mwaka 1707.

Mpwa wangu ana duka la mapazia na mazulia Kariakoo, naye huyauza mashuka hayo. Nilipomwuliza kwa nini katika mzigo wake wote hamna hata picha moja yenye mtu ndani yake, alinijibu kwa adabu zote: "Mjomba, wateja hawataki watu. Watu wanajaza picha."

Niseme mapema kwamba wako wateja wenye sababu yao. Muislamu asiyependa kuweka nyumbani sura za viumbe wenye roho ana hoja ya dini yake, na huyo simgombi hata kidogo. Ninaowagomba ni wale wasio na sababu yoyote ila kwamba mlima mtupu unapendeza zaidi. Wale wanaodhani kwamba hivyo ndivyo mlima ulivyo, na kwamba Wajapani wamekuwa wakiuchora mtupu tangu zama za kale.

La hasha. Katika hekalu kuu la Sengen, mjini Fujinomiya, upande wa kusini wa mlima, umehifadhiwa mchoro wa karne ya 16 uliochorwa juu ya hariri, wenye muhuri wa mchoraji Kano Motonobu. Ni kitu cha kutundika, karibu kimo cha mtu mzima. Huu ndio ukoo wa mashuka yetu, tukitaka kuutafuta ukoo wao. Sasa utazame mchoro huo kuanzia chini kwenda juu, kama ulivyokusudiwa kutazamwa. Chini kabisa ni bahari na mashua, na ufukwe wa Miho wenye misonobari. Juu kidogo ni barabara na watu wakipita. Kisha hekalu lenyewe, na kando yake bwawa la maji ya chemchemi ambamo mahujaji wamejitosa kujitakasa kabla ya kupanda. Kisha njia yenyewe, inayopinda kushoto na kulia, na juu yake wapandaji waliovaa nguo nyeupe, mmoja nyuma ya mwingine kama siafu. Na kileleni, juu ya vidole vitatu vya mlima, wamekaa Mabudha watatu. Jua upande mmoja, mwezi upande wa pili.

Watu, watu, watu! Ukiwaondoa wale watu mchoro wote hauna kazi tena. Maana michoro ya namna hii haikuwa ya kujazia ukuta uliokaa wazi. Ilikuwa vyombo vya kazi. Ilikunjwa, ikabebwa vijijini na mijini, ikatundikwa mbele ya wasikilizaji, na aliyeichukua akaonyesha kwa kijiti: hapa ndipo mnapooga, hapa ndipo mnapolala, hapa ndipo pumzi inapokata. Na mwisho wa maneno sadaka ikapita. Waliosikiliza wengi wao wasingeufikia mlima maishani mwao, na kitambaa kiliwapa njia ya kupanda kwa macho.

Baadaye, wakati Edo, ambayo leo ndiyo Tokyo, ilipokuwa mji mkubwa, wakatokea watu wa kawaida, mafundi na wachuuzi, waliojiunga katika vyama vilivyoitwa Fuji-ko. Msomaji wa kwetu hatahitaji maelezo marefu hapa, kwa sababu ulikuwa upatu. Kila mwanachama alitoa kidogo alichonacho, kikakusanywa, na kila mwaka kura ikapigwa kuamua nani waende mlimani kwa niaba ya wenzao. Waliobaki walikutana, wakatundika picha ya mlima mbele yao, wakasali. Waliokwenda walifikia katika nyumba za wenyeji wao wa kidini, walioitwa oshi, katika mji ulioko chini ya mlima upande wa kaskazini, na huko vilitundikwa vitambaa vilivyotiwa rangi na alama ya kila chama, vikiitwa maneki, ili mgeni akifika ajue kwamba wenzake wamewahi kupita hapo. Nguo nyeupe ya mpandaji nayo iligongwa mihuri kila alipopanda. Nambie sasa ni kitambaa kipi kati ya hivyo kilikuwa pambo tu.

Na wanawake je? Wanawake walizuiwa kufika kileleni. Mlima ambao mungu wake ni mwanamke, Konohanasakuya-hime, ambaye masimulizi ya Kijapani yanasema alijifungua ndani ya nyumba inayowaka moto, ulikuwa haramu kwa wanawake hadi serikali ilipoliondoa katazo hilo mwaka 1872. Jikigyo Miroku, mchuuzi wa mafuta aliyefunga hadi kufa mlimani mwaka 1733, alikuwa amefundisha kwamba mwanamke si najisi, na wafuasi wake hawakulisahau neno hilo. Mwaka 1832 mwanamke mmoja, Takayama Tatsu, alivaa nguo za kiume akapanda pamoja na viongozi wa chama chake mpaka juu. Wengine wote iliwapasa watosheke na kitambaa ukutani, au na vile vilima vidogo vilivyojengwa ndani ya Edo kwa mfano wa Fuji, cha kwanza kikiwa kimekamilika mwaka 1779, ambavyo bibi kizee angeweza kuvipanda kabla chungu chake hakijachemka. Kwa hiyo anayesema kitambaa cha mlima ni pambo tu, aseme akijua kwamba kwa karne nyingi nusu nzima ya watu wa nchi ile haikuruhusiwa kilele kingine ila hicho.

Kuna wanaonikosoa kutoka upande mwingine kabisa. Hao husema: ikiwa ni kitu cha ibada, basi ni sanamu, na haifai kukaa katika nyumba ya mcha Mungu. Namjua mjane mmoja aliyetundika kitambaa cha namna hii, ambacho marehemu mumewe alikileta kutoka Yokohama alipokuwa baharia, akaambiwa na watu wa jumuiya yake akichome moto. Hakukichoma. Alikikunja akakiweka chini ya godoro, na ukuta wake ukabaki na alama ya mraba ya rangi isiyofifia. Watu wale nawaambia hivi: kitambaa kilichopigwa chapa kiwandani hakijasaliwa na mtu wala hakijabarikiwa na mtu. Kujua historia ya kitu si kukisujudia. Na wanaosema "pambo tu" na wanaosema "pepo" naona ni ndugu, kwa sababu wote wawili wamekataa kukitazama.

Turudi kwenye mashuka. Picha inayouzwa kuliko zote ni ile ya wimbi kubwa, ya Katsushika Hokusai, katika mfululizo wa picha zilizochongwa kwenye mbao na kupigwa chapa kuanzia miaka ya 1830. Jina la mfululizo linataja sura 36 za Mlima Fuji, lakini picha zenyewe ni 46, kwa sababu zilipendwa zikaongezwa. Kila mtu analijua wimbi. Waulize wangapi wanazijua mashua. Ndani ya picha ile kuna mashua tatu, na ndani ya kila mashua kuna wapiga makasia waliojiinamia, wameyakumbatia makasia yao, wakingoja maji yawaangukie. Mashua za namna hiyo zilikimbiza samaki wabichi sokoni. Mlima uko mbali nyuma, mdogo, umetulia. Picha nzima ni hofu ya watu wale. Sasa katika duka la mpwa wangu nimeliona shuka ambalo mashua zote tatu zimefutwa! Wimbi lipo, povu lipo, mlima upo, na pale walipokuwa wavuvi na wachukuzi pamepakwa buluu. Nikamwuliza kama lile lenye mashua lina bei kubwa zaidi. Bei ni ileile.

Hokusai huyohuyo, katika mfululizo huohuo, aliuchora mlima ukiwa ndani ya duara la pipa kubwa ambalo fundi anaukwangua ubao wake. Akauchora nyuma ya wapasua mbao. Akauchora nyuma ya duka la nguo la Mitsui mjini Edo, na juu ya paa la duka waezekaji wanarushiana vigae. Duka la nguo! Naye Hiroshige, mwaka 1857, alichora mtaa wa watia rangi wa Kanda: vitambaa virefu vilivyotoka kwenye buluu ya nili vimetundikwa juu vikauke, vinapepea, na katikati yao, mbali, ndipo Fuji ulipo. Ukitaka kuniambia kwamba mlima huu na kitambaa ni mambo mawili, kamwambie Hiroshige.

Atasimama mtu aseme: mbona Wajapani wenyewe wameuchora mtupu mara nyingi? Kweli. Na mfano mkubwa kuliko wote ni Kubota Itchiku, aliyefariki mwaka 2003. Akiwa na miaka 20 alikiona kipande cha kitambaa cha kale katika jumba la makumbusho la Tokyo, kilichotiwa rangi kwa ufundi ambao ulikuwa umepotea, akaapa kuufufua. Vita vikamchukua, akawa mfungwa wa Wasovieti huko Siberia, akarudi, na akaja kufanya maonyesho yake ya kwanza mwaka 1977, umri wake ukiwa miaka 60. Aliunda kimono ambazo zikitundikwa ubavu kwa ubavu huwa mandhari moja ndefu ya milima na majira. Alikusudia ziwe 80, na kifo kikamkuta njiani. Jumba lake, lililofunguliwa mwaka 1994, liko karibu na ziwa Kawaguchi, chini ya mlima wenyewe. Ndani ya vitambaa vyake huoni mtu. Lakini, bwana mpinzani, kile ni vazi! Kina mabega, kina mikono, na kila tone la rangi lilifungwa kwa uzi na kidole cha mtu. Utupu wa Kubota umelipiwa na maisha ya mtu mzima, nao hauna udugu na utupu wa aliyefuta mashua kwa kuwa zinajaza picha.

Picha ya pili kwa kuuzwa ni ile yenye mnara mwekundu wa ghorofa tano, maua ya micheri na mlima nyuma. Mteja hudhani ni hekalu la miaka elfu. Mnara ule uko Fujiyoshida, hupandwa kwa ngazi 398, nao ulijengwa mwaka 1963 kuwa ukumbusho wa watu wa mji ule waliokufa vitani. Ni kama mnara wetu wa Askari. Watu wanatundika sebuleni kumbukumbu ya wafu wa wenzao, na hawana habari. Simlaumu anayeinunua. Namlaumu muuzaji anayeipiga chapa maelfu kwa maelfu na hawezi kuongeza mstari mmoja nyuma ya kitambaa.

Na mji huo wa Fujiyoshida ndio uleule wa wenyeji wa mahujaji, tena ni mji wa wafumaji. Maji ya theluji ya Fuji hupenya ardhini na kutokea safi chini ya mlima, na kwa maji hayo wametia rangi nyuzi kwa vizazi na vizazi. Hariri yao nyembamba ya kaiki iliingia ndani ya kimono kama bitana, pahali ambapo macho ya watu hayafiki. Baada ya vita vya pili vya dunia kazi ilishamiri hata wakazitungia zama hizo jina linalotokana na mlio wa mashine: kila ikilia "gacha", yen elfu kumi. Baadaye vitambaa vya bei rahisi vya nje vikaja, na mashine nyingi zikanyamaza. Waliobaki wanafuma tai, vitambaa vya miavuli, foronya za mito ya kukalia. Kisha mtalii anashuka kwenye basi katika mji huo, anaupiga picha mlima, na anarudi na shuka la poliesta.

Sisi watu wa pwani tungepaswa kulielewa jambo hili kabla ya wengine. Katika miaka ya 1930 vitambaa vya pamba kutoka Japani vilijaa katika masoko ya Afrika Mashariki, na kanga zikiwemo. Bibi zetu walijifunga kanga zilizopigwa chapa Osaka na miji mingine ya huko, zikiwa na maneno ya Kiswahili ambayo sidhani kama aliyeyapanga kiwandani aliyajua maana. Hata hivyo aliyaweka, herufi kwa herufi, kwa sababu aliambiwa kwamba bila maneno kanga haiuziki. Hakuna bibi aliyenunua kanga bila kuisoma. Angeweza kumpa jirani yake ujumbe, au kumkata mke mwenziwe maini, pasipo kufungua kinywa. Watu wenye desturi hiyo wamepata wapi ujasiri wa kusema kwamba kitambaa cha mtu mwingine hakina neno?

Mwaka 2013 mlima huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na uliingizwa katika fungu la utamaduni, wala si katika fungu la maumbile ya asili. Waliouorodhesha walitaja utakatifu wake na sanaa iliyotokana nao. Maana yake ni kwamba bila wapandaji, wachoraji na watia rangi, usingekuwamo kwa sifa hiyo. Lakini waliokuja kuutazama walikuja na macho ya yale mashuka. Katika mji wa Fujikawaguchiko palikuwa na duka la kawaida la vyakula ambalo, ukisimama ng'ambo ya barabara, mlima unaonekana umekaa juu ya paa lake. Picha ya mahali hapo ikasambaa, na umati ukaja. Walivuka barabara bila kujali magari, waliegesha walipotaka, walitupa taka, na wengine wakapanda hadi juu ya paa la zahanati ya meno ya jirani. Wenyeji wakaweka mabango, wakaweka walinzi, hawakusikilizwa. Mwezi Mei 2024 halmashauri ya mji ikatundika wavu mweusi, kimo chake mita 2.5 na urefu wake mita 20, ili mlima usionekane kutoka pale. Mwaka huohuo njia ya Yoshida ikawekewa ada ya lazima ya yen 2,000 na kikomo cha watu 4,000 kwa siku, na mwaka 2025 ada ikawa yen 4,000 katika njia zote.

Nilipozisoma habari za wavu ule nilitamani mpwa wangu azisome pia, nikampelekea gazeti. Kitambaa cha mwisho kutundikwa kwa ajili ya Mlima Fuji kilikuwa cheusi, hakina mlima wala maua, na kilitundikwa na watu wanaoishi hapo, wale ambao hawamo katika picha yoyote anayoiuza. Siku chache tu baadaye kilikutwa kimetobolewa matundu kama kumi, kila moja la kutosha kioo cha kamera. Mwezi Agosti kikashushwa, kimbunga kikitarajiwa, na hakikurudishwa.